Pua ya Kuazima Kwenye Karakana ya Ubani

Saa moja na nusu asubuhi, jua bado liko upande wa pili wa ukuta na ubani bado ni mkavu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameketi kwenye kigoda, kinu cha mbao katikati ya magoti, anatwanga. Hatumii nguvu. Anagonga mara tatu, anageuza mchi, anasikiliza. Punje za ubani zikipasuka hutoa mlio mwembamba. Mlio ukianza kuwa mzito, maana yake joto limeingia, na kazi hukoma hapo hapo, kwa sababu ubani ukipata joto hugeuka gundi na kung'ang'ania kinu.

"Ukichelewa hapa utatwanga ulimbo," anasema bila kuinua macho. "Na ulimbo hautwangiki. Unakutwanga wewe."

Wenzake wanamwita Bi Pua. Jina hilo alipewa miaka kumi na mitatu iliyopita, naye alilibeba kwa maringo. Sasa kumwita hivyo ni sawa na kumwita mwenye upara Bwana Nywele, kwani Bi Pua hasikii harufu ya kitu chochote. Si ya ubani anaoutwanga, si ya moshi, si ya kitunguu kilichooza. Huu ni mwezi wa nane tangu harufu zimpotee.

Hatua tatu kutoka kwenye kinu, chini ya dirisha pana kuliko yote, kuna meza nyeupe na kiti chenye mto wa kitambaa cha bluu. Hapo ndipo mafuta hunuswa na kuamuliwa kama yauzwe au yamwagwe. Bi Pua alikikalia kiti hicho miaka yote hiyo. Asubuhi hii aliyeketi hapo ni wifi yake, mke wa kaka yake, na mbele yake kuna chupa ya mafuta ya jana.

Kwa miaka minane wanawake hawa wawili hawakuwa wakisemezana.

Karakana yenyewe ni vyumba viwili na ua. Chumba cha kwanza ni cha kuchambua: magunia ya ubani humwagwa kwenye sinia pana, magome na mawe yakatolewa, punje nyeupe zikatengwa na nyekundu. Chumba cha pili kina mtambo. Ukiuona kwa mara ya kwanza utadhani ni jiko la shule lililounganishwa na bomba la fundi mwenye haraka. Ni sufuria kubwa la chuma lenye mfuniko wa kukaza, bomba linalopita ndani ya pipa la maji baridi, na mwishoni chupa ya kioo yenye koki chini.

Kazi inaitwa kukeneka. Ubani uliopondwa hufungwa ndani ya kitambaa, ukaning'inizwa ndani ya sufuria la maji, maji yakachemshwa muda wa saa nane. Mvuke hupanda na harufu, hupoa kwenye pipa, na kule kwenye chupa mafuta huelea juu ya maji, membamba, ya manjano hafifu. Kilo kumi za ubani hutoa nusu lita na vijiko vichache. Siku mbaya hata nusu lita haifiki.

Mwenye karakana ni mfamasia mstaafu. Wafanyakazi wake sita humwita Dokta, na yeye amechoka kuwakatalia. Kwenye kila chupa amebandika maneno mawili ambayo, anasema, yamemkosesha wateja wengi: *Si dawa.*

"Watu huja wanataka niwaambie yanaponya sukari, yanaponya mapenzi, yanarudisha mume," anasema Dokta. "Nawaambia ni mafuta. Ukichanganya na mafuta ya ufuta ukajikanda, utatulia. Ukidondoshea kwenye kitambaa ukaweka karibu na mto, huenda ukalala vizuri. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kujua."

Mteja wake mkubwa ni nyumba ya kulelea wazee iliyo mwisho wa barabara, inayochukua nusu ya mafuta yote. Mkandaji wa pale ni mwanamke mnene mwenye viganja vya mwashi. Kila Alhamisi huja na mkoba wake kuchukua chupa nne. Matone matatu kwenye kijiko cha mafuta ya ufuta, kisha miguu, mgongo, shingo.

"Wazee wangu wengine hawajaguswa na mtu miaka na miaka, isipokuwa kuoshwa," anasema mkandaji. "Nikianza kuwapaka, wanavuta pumzi moja ndefu. Sijui ni mafuta au ni mikono. Sibishani na mtu. Mimi nataka ile pumzi tu."

Basi kati ya kilo kumi za ubani na pumzi ya mzee mmoja, kuna mtu anayenusa. Mtu huyo akikosea, hakuna mwingine wa kukamata kosa.

Bi Pua alianza kazi hapa kama mchambuaji, mjane wa miaka thelathini na tisa mwenye binti mmoja. Mwezi wa pili alimwambia Dokta kwamba gunia moja kati ya kumi lilikuwa limelala karibu na ngozi mbichi. Dokta alidhani anajitafutia sifa. Akanusa magunia yote, asisikie kitu. Akamwita dereva, na dereva akakiri kwamba safari ile alikuwa amepakia ngozi za mbuzi upande wa nyuma.

Wiki iliyofuata mto wa bluu ulishonwa.

Kiti kilikuja na madaraka. Mlangoni kulibandikwa masharti aliyoyatunga yeye: asiingie mtu aliyejipaka manukato, aliyekula kitunguu kibichi, aliyeshika mafuta ya taa, wala aliyevuta sigara. Aliwarudisha watu nyumbani. Alimrudisha mkaguzi wa afya. Siku moja alimrudisha Dokta mwenyewe, akanawe.

"Alikuwa na ulimi mbaya sana," anasema wifi yake, kisha anamtazama na kuongeza, "na bado anao."

Ugomvi wa mawifi hawa ni wa cherehani. Mama mzazi wa Bi Pua alipofariki, cherehani yake ya miguu ilipelekwa nyumbani kwa kaka. Bi Pua alisema imechukuliwa. Wifi alisema imehifadhiwa. Kati ya maneno hayo mawili familia ikapasuka vipande viwili. Wifi alipokuja kuomba kazi ya kuchambua, Bi Pua hakumzuia, ila tangu siku hiyo maneno yao yalikuwa ya kazi tu: sogeza, shika, funga mlango. Kaka mtu alipokuja kuwachukua jioni, mmoja aliketi mbele na mwingine nyuma, na hakuna aliyeuliza redio iwashwe au izimwe.

Kisha yakaja mafua.

Yalikuwa mafua ya kawaida, siku nne kitandani, chai ya tangawizi na blanketi. Siku ya tano Bi Pua alirudi kazini, akaketi, akafungua chupa ya kwanza.

"Nikadhani mtu kaniwekea maji," anasema. "Nikakasirika. Nikafungua ya pili. Maji. Ya tatu, maji. Nikatoka uani nikafungua ndoo ya taka nikaingiza kichwa chote. Hakuna kitu, mwanangu. Kama nimeingiza kichwa kwenye redio iliyozimwa."

Alirudi mezani, akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari: *safi*.

Ukimuuliza kwa nini hakusema siku ile, hajitetei sana. Alidhani pua itarudi kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mshahara wa mnusaji ni mara mbili ya ule wa mchambuaji, na binti yake alikuwa na mimba ya miezi mitano, mumewe kibarua wa kubahatisha. Lakini anasema fedha haikuwa kubwa kama aibu.

"Mimi nilikuwa Bi Pua. Ukiondoa pua, nani amebaki? Bi nani?"

Alijificha kwa ustadi. Alitazama rangi ya mafuta. Alihesabu kasi ya matone. Alilamba kidogo kwa ncha ya ulimi, akapata uchungu na ukakasi. Kwa miaka yote alijua kila saa ya mtambo inatoa nini, hivyo aliandika alichojua badala ya alichonusa. Wiki tatu zikapita. Hakuna aliyeshtuka.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mtu ambaye hasemi naye.

Siku hiyo wifi alikuwa atoke kazini moja kwa moja kwenda harusini. Alijipaka manukato asubuhi, akijua fika atafukuzwa mlangoni. "Nilijiandaa kabisa," anasema. "Nilikuwa na jibu langu mdomoni, nimelinoa tangu jana. Nikapita mbele yake. Kimya. Nikapita tena, nikajifanya natafuta ufagio. Kimya! Nikasema huyu amekufa au amenisamehe. Na kunisamehe hawezi."

Kesho yake alifanya jaribio la pili. Aliloweka kitambaa kwa mafuta ya taa, akakiweka chini ya meza nyeupe, karibu kabisa na magoti ya Bi Pua. Kikakaa pale mpaka mchana.

Wafanyakazi walipotoka kwenda kula, wifi alibaki. Akakiinua kile kitambaa, akakiweka juu ya meza.

"Tangu lini?" akauliza.

Bi Pua alitazama kitambaa. Aliyajua mafuta ya taa kwa ule unyevu wake. Anasema alitaka kutukana, akajikuta analia.

"Sikulia kwa sababu nimekamatwa," anasema. "Nililia kwa sababu aliyenikamata ni yeye."

Wifi angeweza kwenda moja kwa moja kwa Dokta. Wengi wangefanya hivyo, na wengine wangepitia kwanza kwa majirani. Yeye aliketi kwenye ukingo wa meza na kusema neno ambalo bado hawaelewani lilikuwa na maana gani. Bi Pua anasema lilikuwa huruma. Wifi anasema ilikuwa njia ya kuhakikisha karakana haifungwi. Alisema: "Mimi nina pua. Wewe andika."

Hapo ndipo ilipoanza biashara ya pua ya kuazima. Kila asubuhi kabla wengine hawajafika, wifi alinusa, akaeleza, Bi Pua akaandika. Ilikuwa kazi ya kuchekesha kama isingekuwa ya hatari. Wifi alisikia kila kitu, ila hakuwa na majina.

"Inanuka kama nini?" Bi Pua aliuliza.

"Kama kabati."

"Kabati gani?"

"La mtu."

"Mtu gani, wifi?"

"Mtu mzima."

Bi Pua alijifunza kutafsiri. Kabati la mtu mzima lilikuwa mbao kavu. "Kama umemenya kitu" lilikuwa ganda la ndimu. "Kama asubuhi" ilimchukua siku mbili, mpaka alipogundua wifi anasema harufu ya msonobari. Kwa wiki sita mambo yakaenda. Na katika kutafutiana maneno hayo, wakajikuta wanaulizana hali za nyumbani, kwanza kwa kuteleza, kisha kwa makusudi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wiki ya kumi likaja gunia jipya kutoka kwa mfanyabiashara mgeni. Punje zake zilikuwa nzuri, nyeupe, zinang'aa. Mafuta yakatoka mengi kuliko kawaida, jambo ambalo lingetosha kumshtua Bi Pua kama asingekuwa amechoka kushtuka.

"Asubuhi," akasema wifi alipoyanusa. "Asubuhi sana. Na kile cha kumenya."

Msonobari na ndimu. Ubani halisi una harufu hizo mbili. Bi Pua akaandika *safi*.

Hakuuliza swali moja, ambalo kila mnusaji hujiuliza bila hata kujua: lini? Mafuta ya ubani yana mwanzo, kati na mwisho. Ukidondoshea kwenye karatasi, msonobari hutangulia na kuruka ndani ya robo saa. Baadaye huja mbao, na mwishoni, saa mbili tatu baadaye, kitu cha utamu na vumbi kinachobaki mpaka kesho. Kwa pua moja na kichwa kimoja, lini hujijibu yenyewe. Hapa pua ilikuwa kwa mtu mmoja na swali kwa mwingine. Msonobari ule haukuruka. Ulikuwepo robo saa, ulikuwepo mchana, ulikuwepo kesho yake. Mfanyabiashara alikuwa amechanganya ubani na utomvu wa msonobari, ule unaotoa tapentaini ya kuzimulia rangi.

Chupa nne zikaenda kwa wazee.

Mkandaji alisikia ukali, akadhani ni mavuno mapya. Alimpaka bibi mmoja ambaye huwa haongei, mgongo mzima. Baada ya dakika kumi bibi akafungua kinywa.

"Leo," akasema, "mmenipaka rangi ya mlango."

Jioni mgongo wake ulikuwa mwekundu. Mzee mwingine alitoka vipele miguuni. Vilipona baada ya siku tano kwa maji baridi na dawa ya kupaka. Hakuna aliyelazwa. Lakini mkandaji alirudisha chupa zote nne, akaziweka mezani mwa Dokta moja moja, na kila moja ilitoa mlio wake.

Dokta alimtetea mnusaji wake. Hilo ndilo Bi Pua analosema lilimvunja. Alisikia kupitia dirishani Dokta akimwambia mkandaji: "Pua ile haijakosea miaka kumi na mitatu. Labda wazee wenyewe wana ngozi mbaya."

"Nikaona sasa wazee ndio wanabeba lawama yangu," anasema. "Bibi wa watu ameunguzwa mgongo, halafu aambiwe ngozi yake mbaya. Nikainuka."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bi Pua hakungoja kuumbuliwa. Aliingia ofisini, akasema mbele ya wote wawili kwamba hajasikia harufu kwa wiki kumi na moja. Hakumtaja wifi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, akajitaja mwenyewe.

Dokta hakufoka. Alifungua daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akigusa kila neno *safi* kwa kidole. Kisha akatoa masharti yake. Bi Pua ataondoka kwenye kiti na kwenda kwenye kinu, kwa mshahara wa kinu. Wifi atanusa. Kila mkupuo wa mafuta utawekwa saini mbili, ya mwenye pua na ya mwenye ujuzi, na saini moja ikikosekana mafuta yanamwagwa. Hilo litajaribiwa miezi sita. Chupa moja mbovu ikitoka tena, wote wawili watakwenda nyumbani.

"Sikuwafukuza kwa sababu siwezi kupata mwingine," anasema Dokta kwa ukavu. "Msiandike kwamba nina moyo mzuri."

Wifi alikataa kuketi kwenye mto wa bluu siku tatu nzima. Alinusa akiwa amesimama. "Nakaaje kwenye kiti cha mtu aliye hai?" Siku ya nne Bi Pua alimshika mabega, akamkalisha, akamwambia kiti hakimung'unyi mtu.

Daktari wa masikio, pua na koo alimpa Bi Pua jibu lisilo na tarehe. Huenda ikarudi baada ya mwaka. Huenda ikarudi nusu. Huenda isirudi. Alimpa zoezi: harufu nne kali, kila asubuhi na jioni, kila moja kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, akikumbuka kwa bidii jinsi ilivyokuwa. Bi Pua ana chupa zake nne kwenye mfuko wa aproni: karafuu, ndimu, mkaratusi na ubani. Anazinusa akiwa amefumba macho, midomo ikicheza.

"Nakumbuka yote," anasema. "Ni kama kumwita mtu unayemjua jina na sura, na yuko chumba cha pili, na haitiki."

Mchana anamfundisha wifi. Karatasi zilizokatwa nyembamba, matone, saa ya ukutani. Mwanzo? Kati? Mwisho? Wifi akisema kabati, anapigwa kikumbo. Sasa ana maneno zaidi ya sitini, na mengine kayatunga mwenyewe. Bi Pua hapendi yote, ila anakiri kwamba "vumbi la chaki iliyolowa" ni neno ambalo yeye hakulipata kwa miaka kumi na mitatu.

Asubuhi hii ni mwezi wa tano wa ile miezi sita. Chupa iliyo mbele ya wifi ni ya mkupuo wa jana. Mafuta huachwa yalale kwanza, kwa sababu yaliyotoka sasa hivi huwa na harufu ya moto inayodanganya. Ni Alhamisi. Mkandaji atafika saa nne, na stoo haina chupa nyingine hata moja.

Bi Pua ameacha kutwanga. Amesimama nyuma ya kiti, mikono nyuma, mafuta anayatazama kupitia mwanga wa dirisha. Ni ya manjano hafifu, hayana wingu. Jana alikaa na sufuria lile mwenyewe tangu moto kuwashwa hadi kuzimwa. Alihesabu matone. Ubani aliutwanga mwenyewe.

Wifi ananusa karatasi ya kwanza, ile aliyoidondoshea alfajiri. Anaiweka. Anaichukua tena.

"Mwanzo mzuri," anasema. "Ndimu, msonobari, umeruka. Kati, mbao." Anaigeuza karatasi. "Mwisho umeungua."

"Haujaungua," anasema Bi Pua.

"Kidogo sana. Kama mkono wa sufuria ulioshikwa na moto. Uko nyuma kabisa."

"Wifi, nilikuwepo. Moto ulikuwa mdogo siku nzima. Rangi hiyo hapo, itazame."

"Naiona rangi. Sinusi rangi."

Wachambuaji wawili wamesimamisha mikono juu ya sinia. Kumwaga mkupuo ni hasara ya kilo kumi na siku nzima ya kazi, na mkandaji kurudi mikono mitupu. Kuupitisha ni chupa nne kwa wazee, na huenda hakuna atakayejua. Daftari liko wazi. Safu ya kwanza ni ya mwenye pua. Wifi ameshaandika: *hapana*. Kalamu anamsogezea Bi Pua bila kumtazama.

Bi Pua anachukua ile karatasi. Anaiweka puani, anafumba macho, anavuta. Kila mtu anaona jinsi anavyovuta. Anakaa hivyo muda wa kuhesabu hadi ishirini.

"Maji," anasema.

Anainama, anaandika *hapana* chini ya *hapana* ya wifi yake, anaweka saini.

Sufuria haliruhusiwi kuoshwa mpaka mafuta yaamuliwe, kwa hiyo lilikuwa bado limefunikwa. Wanalifungua baada ya saini kukauka. Kona moja ya kitambaa imelegea na kuteleza, na chini kabisa, kwenye chuma, kuna doa jeusi la ubani ulioshikwa na moto. Halizidi ukubwa wa kisahani cha kikombe. Bi Pua analikwangua kwa kijiko, analitazama, anamwonyesha wifi. Hakuna anayesema nimekwambia. Wifi anaomba maji ya kunywa.

Dokta anamwaga mafuta kwenye mtungi wa taka bila kuuliza swali. Mkandaji akifika anaambiwa ukweli. Anatazama mkoba wake mtupu, anaukunja mara mbili.

"Bora niwaambie wazee wasubiri kuliko niwaambie wavumilie," anasema, na kuondoka.

Mpango wa Bi Pua ni mfupi. Mwezi ujao, miezi sita ikitimia, atamwomba Dokta amwandikishe wifi kuwa mnusaji kamili, kwa mshahara kamili. Mto wa bluu umeshaanza kuchanika, hivyo atashona mwingine, na safari hii atashonea kwenye cherehani ya mama yake, ambayo wiki iliyopita ililetwa nyumbani kwake juu ya mkokoteni bila maelezo yoyote. Yeye atabaki na kinu na kufundisha. Pua ikirudi, watakuwa wanusaji wawili. Isiporudi, kutakuwa na mmoja anayejua anachosema.

Na yeye mwenyewe, nje ya kazi, anatumaini nini?

Kabla hajajibu, binti yake anaingia uani kama afanyavyo kila mchana, kuleta chakula na kumleta mtoto. Ni msichana wa miezi minne. Alizaliwa bibi yake akiwa tayari hasikii kitu, na kwa miezi minne hiyo bibi amemwogesha, amemvalisha na kumlaza kifuani, bila kuijua harufu yake.

Bi Pua anampokea. Anamgeuza taratibu na kumwelekezea wifi utosi wa mtoto, kama anayesogeza chupa mezani.

"Nambie," anasema.

Wifi anaifuta mikono kwenye aproni. Anainama, anafumba macho.

"Mwanzo?" anauliza Bi Pua.

"Maziwa."

"Kati?"

"Nguo iliyopigwa pasi. Na jasho dogo, bichi, la shingoni."

"Mwisho?"

Wifi ananusa tena. Anakaa sana. Mtoto anamshika sikio.

"Mwisho upo," anasema. "Lakini sina neno lake. Nipe muda nilitafute."

Bi Pua anamrudisha mtoto begani, pua yake ikiwa juu ya utosi.

"Hilo usilitafute," anasema. "Hilo niachie mimi."